Maumivu baada ya oparesheni ya uzazi: maswali mnayouliza sana kuhusu tramadoli, morfini, panadol na kunyonyesha

Maswali haya yametoka kwa akina mama wa Moshi na Arusha, wengine bado wako wodini na mpira wa mkojo, wengine wako nyumbani wiki ya pili, na wengine ni waume zao wanaotuma meseji saa saba usiku. Mimi ni nesi mkunga, wodi ya wazazi ndo kazi yangu, kwa hiyo najibu kama ninavyojibu kitandani. Dozi ninazotaja ni za mtu mzima asiye na tatizo lingine, kama faili lako lina mambo yake basi daktari wako ndo mwenye neno la mwisho.

Opioidi ni dawa gani hasa? Nimezitumia bila kujua?

Inawezekana kabisa. Ni ukoo wa morfini: morfini yenyewe, pethidini, fentanili, kodini na tramadoli. Wodini tunaziita dawa za DDA, zile zinazokaa kabati la kufuli na kila ampuli ina mstari wake kwenye kitabu. Tramadoli ndo imewachanganya wengi maana inakuja kwenye kapsuli ya kawaida tu, watu wanaichukulia kama panadol iliyoongezewa nguvu. Sio hivo. Parasetamoli (ndo hiyohiyo panadol), ibuprofeni na diklofenaki ni ukoo mwingine, hazikulevyi na hazipunguzi kupumua.

Kama zinatuliza vizuri, kwa nini sasa tunaambiwa zipunguzwe?

Kwa sababu mama aliyejifungua kwa kisu hafanani na mtu aliyetolewa apendiksi. Huyu ana kichanga pembeni anayetaka kunyonya kila baada ya saa mbili tatu, anatakiwa ainuke, anyanyue mtoto, aende chooni, asisinzie mtoto akiwa kifuani. Opioidi nyingi zinamfanya alale usingizi mzito, atapike (na kutapika ukiwa na mshono mpya mnajua wenyewe), ajikune, akose choo siku tatu nne. Na sehemu ya dawa inapita kwenye maziwa.

Huko Marekani walifika mbali zaidi. Utafiti uliotoka 2017 uliwafuatilia akina mama baada ya kuruhusiwa, ukakuta mama wa kawaida kapewa vidonge 40 vya opioidi akanywa kama 20, vingine vikabaki ndani ya nyumba ambapo yeyote anaweza kuvichukua. Na mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine wa hukohuko ulikuta karibu mama 1 kati ya 300 ambao hawakuwahi kuzitumia kabla aliendelea kuzitumia muda mrefu baada ya oparesheni. Moja kati ya mia tatu ni kidogo mpaka ukumbuke oparesheni hizo kule zinafika zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Huku kwetu shida ina sura mbili na mimi zote zinaniudhi. Upande mmoja mama anaambiwa vumilia ndo uzazi huo, anapata sindano moja ya diklo asubuhi halafu basi mpaka kesho. Upande wa pili mama huyohuyo akifika nyumbani shemeji yake anamletea strip ya tramadoli kutoka dukani bila cheti. Yaani dawa salama kapewa kidogo, dawa kali kapewa bila mwenyewe kuijua.

Kwa hiyo mnataka tuumie?

Hapana, na hapa naomba msome polepole maana ndo jibu la karibu maswali yote yanayofuata.

Kupunguza opioidi kunafanyika kwa kutoa dawa za kawaida KWA SAA, iwe unaumwa iwe huumwi. Sio kusubiri mpaka unang'ata kanga. Maumivu yakishapanda, vidonge viwili vya panadol haviyashushi, inabidi dawa kali, lakini ukiyawahi kabla hayajapanda, dawa za kawaida zikienda mbili pamoja zinawatosha wengi. Zinafanya kazi kwa njia tofauti: ibuprofeni na diklofenaki zinazuia mwili kutengeneza zile kemikali zinazoleta uvimbe na uchungu pale kwenye kidonda na kwenye mji wa mimba, parasetamoli kazi yake kubwa iko juu kwenye ubongo. Ndo maana kuzipa pamoja kunashinda kuongeza dozi ya moja.

Mfano wa ratiba ya siku, kwa mama mwenye kilo 50 na kuendelea:

Parasetamoli gramu 1 (vidonge viwili vya miligramu 500) saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Ikifika gramu 4 kwa saa 24 umefika mwisho, usiongeze hata kimoja.

Ibuprofeni miligramu 400 saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, baada ya kula. Au badala yake diklofenaki miligramu 50 saa hizohizo. Nimesema AU.

Hivyo siku tatu za mwanzo mfululizo, halafu unaendelea na unapunguza kadiri mwili unavyotulia. Opioidi inabaki pembeni, inaitwa pale hizi mbili zikishindwa, dozi ndogo, siku chache. Miongozo ya kimataifa ya kupona haraka baada ya oparesheni ya uzazi, sehemu yake ya baada ya kujifungua iliyotoka 2019, inasema mambo hayohayo, kwa hiyo sio ujanja wangu wa Moshi.

Saa 6 usiku wengi wanaruka kwa sababu wamelala. Wekeni alamu. Dozi ya usiku ikirukwa, asubuhi kutoka kitandani ni kilio, halafu mnasema dawa hazifanyi kazi.

Ganzi ya mgongo ikiisha maumivu yanakuja kwa kishindo. Nifanyeje?

Ganzi yenyewe inashika saa mbili mpaka nne hivi. Unaanza kusikia vidole vya miguu, halafu magoti, halafu tumbo. Dozi ya kwanza ya parasetamoli na diklofenaki inatakiwa iwe imeshaingia kabla ya hapo, ukiwa bado huoni shida yoyote. Wengine wanaipata hukohuko thieta, ya mshipa au ya kuweka njia ya haja kubwa. Kwa hiyo ukirudishwa wodini uliza, au ndugu yako aulize: "Nesi, dawa ya kwanza ya maumivu nimeshapewa? Inayofuata saa ngapi?" Maswali mawili tu, wala sio usumbufu, mimi binafsi nikiulizwa hivo nakumbuka kuangalia chati.

Nimesikia wanaweka morfini kwenye sindano ya mgongo. Sasa hiyo si ndo opioidi yenyewe?

Ndio, ni opioidi, na bado ni njia mojawapo nzuri sana ya kupunguza opioidi. Wanaiweka kidogo mno pamoja na ganzi, mikrogramu 100 mpaka 150. Mikrogramu 100 ni sehemu ya kumi ya miligramu moja, wakati sindano ya morfini ya msuli mtu mzima anaweza kupigwa miligramu 10 na baada ya saa nne anataka nyingine. Kwa kuwa ile ya mgongo inafika moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu, kadozi kale kadogo kanatuliza saa 12 mpaka 24, na kinachofika kwenye maziwa ni kidogo sana.

Gharama yake ni muwasho. Pua, uso, kifua, unajikuna mpaka unafikiri umepata aleji. Kichefuchefu pia, na mkojo unaweza kugoma. Hatari kubwa ni kupumua kupungua, ni nadra kwa dozi hizo, lakini ndo sababu nesi anakuja usiku kusimama miguuni kwako kimyakimya anaangalia kifua kinavyopanda na kushuka huku anaangalia saa. Zikishuka chini ya pumzi 10 kwa dakika tunaanza kukimbia, na kuna dawa ya kuigeuza inaitwa naloksoni.

Mbona sio kila hospitali inaweka? Kwa sababu inatakiwa morfini maalum isiyo na kemikali za kuhifadhia, na inatakiwa mtu wa kukuangalia usiku mzima. Wodi yenye nesi mmoja na wazazi 30, mimi mwenyewe ningesita. Kama haipo sio mwisho wa dunia, ratiba ya hapo juu ndo inabeba mzigo.

Mimi nilipigwa nusu kaputi, sikuchomwa mgongo. Je?

Basi wewe unaamka na maumivu yako yote, maana huna ganzi iliyobaki. Mwulize daktari mapema, kabla ya oparesheni kama kuna nafasi, kama wanaweza kuchoma ganzi kwenye kidonda chenyewe kabla ya kufunga, au pembeni ya tumbo kulia na kushoto, hii ya pembeni inataka mtu aliyefundishwa na mara nyingi mashine ya ultrasaundi. Ile ya kwenye kidonda haitaki mashine yoyote, ni bomba la sindano na dawa ambayo thieta ipo, na inasaidia saa kadhaa za mwanzo ambazo ndo mbaya zaidi. Naona inasahaulika sana kuliko inavyostahili.

Kidonda hakiumi sana ila nikinyonyesha tumbo linakata kama uchungu umeanza upya. Kuna kitu kimebaki ndani?

Mara nyingi hamna kilichobaki, ni chango. Mtoto akivuta ziwa mwili unatoa homoni ya oksitosini, mji wa mimba unajikaza kurudi mahali pake na kuzuia damu. Mzazi wa kwanza anaweza asisikie kitu, wa mtoto wa tatu au wa nne anapiga yowe. Hii ndo aina ya maumivu ambayo ibuprofeni inaipenda, inaishinda hata parasetamoli, na tramadoli haina jipya hapo. Kunywa nusu saa mpaka saa moja kabla ya kunyonyesha ukiweza kupanga. Lakini kukiwa na homa, au uchafu unaonuka, au damu inazidi badala ya kupungua, hapo sio chango tena, rudi hospitali.

Tumbo limejaa gesi, mpaka bega linauma. Niongezewe sindano?

Usiombe opioidi kwa gesi, itazidisha! Opioidi inalaza utumbo, gesi inakaa, unaumia zaidi, unaomba nyingine, unazunguka humohumo. Dawa ya gesi ni kuinuka. Ganzi ikishaisha na miguu ina nguvu, kaa ukingoni mwa kitanda, simama ukishikwa, tembea mpaka dirishani na kurudi, jioni mpaka mlangoni. Na kula mapema, saa chache tu baada ya oparesheni unaweza kuanza maji, chai, uji mwepesi kama wodi yako inaruhusu, ile habari ya kukaa na njaa mpaka ujambe imeshapitwa ingawa bado baadhi ya wodi wanaishika.

Kingine mtanicheka: bigijii. Kutafuna bigijii kunaudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja, unaanza kazi. Imefanyiwa tafiti kweli na kwenye miongozo imo, hasa kwa wanaocheleweshewa chakula.

Nimeruhusiwa na tramadoli na nanyonyesha. Nimesoma mtandaoni nimeogopa, nimwachishe mtoto?

Usimwachishe, na usiogope kabla ya kumwangalia mtoto. Ngoja nieleze.

Tramadoli na kodini zikiingia mwilini, ini linazigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi, kodini inakuwa morfini kabisa. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinaitwa CYP2D6 na watu wametofautiana kwa kuzaliwa. Kuna ambao hakifanyi kazi, wanakunywa kodini kama wanakunywa maji. Kuna ambao kinafanya kazi kwa kasi kupita kiasi, dozi ya kawaida kwao inakuwa dozi kubwa, na maziwa yao yanabeba zaidi. Hawa wa kasi wapo wengi upande huu wa Afrika, Ethiopia wamekutwa karibu 3 kati ya 10, wakati Ulaya ya kaskazini ni wachache sana. Na hamna anayekupima kabla ya kukuandikia. Ndo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asitumie kodini wala tramadoli. Madaktari wengine wanaona onyo hilo ni kali mno na wanakubali dozi ndogo ya siku chache kwa uangalizi. Msimamo wangu: kama parasetamoli na ibuprofeni hujazipiga kwa ratiba, huna sababu ya kuanza tramadoli.

Kama umeshainywa, angalia mtoto. Anaamka mwenyewe kunyonya? Anavuta kwa nguvu? Au amelala kuliko kawaida, unamtekenya nyayo haitikii, amelegea, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi? Ukiona hayo usingoje asubuhi, beba mtoto nenda hospitali na ile pakiti ya dawa mkononi, waambie umekunywa ngapi na saa ngapi. Kama mtoto yuko sawa, acha tramadoli, rudi kwenye ratiba, mpigie aliyekuandikia.

Halafu usilale na mtoto kitanda kimoja siku uliyokunywa opioidi. Najua vyumba vyetu, najua baridi ya Arusha mwezi wa saba, ila usingizi wa dawa hiyo sio usingizi wako wa kila siku. Mama mwingine amlaze pembeni yake usiku huo.

Na pethidini?

Bado inatumika sana kwetu kwa sababu ipo. Shida yake ni kwamba ikivunjwavunjwa inaacha mabaki yanayokaa mwilini muda mrefu, kwa kichanga ndo zaidi, anakuwa mzito kunyonya. Sindano moja ya usiku wa kwanza sitagombana nayo kama hamna kingine. Kuichoma kila baada ya saa sita kwa siku mbili, hapo nitauliza parasetamoli iko wapi.

Dukani wamenipa diklopa na panadol, ninywe zote?

Hapana! Diklopa ni kidonge cha mchanganyiko, ndani kuna diklofenaki NA parasetamoli. Ukiongeza panadol umeongeza parasetamoli juu ya parasetamoli, ukiongeza ibuprofeni umeweka ndugu wawili kwenye tumbo moja, na ndo njia ya kupata vidonda vya tumbo au kuumiza figo. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Geuza pakiti usome majina madogo ya nyuma, au mwambie muuzaji akusomee. Mimi napenda dawa moja moja kuliko mchanganyiko kwa sababu unajua umekunywa nini na saa ngapi.

Na zile sindano za diklo za mtaani, unachomwa takoni kila siku kwa siku tano, za nini wakati unakula na kumeza vizuri? Kidonge kinafanya kazi ileile.

Nani asinywe ibuprofeni na diklofenaki?

Mwenye ugonjwa wa figo au mkojo uliopungua baada ya oparesheni. Mwenye vidonda vya tumbo. Mwenye pumu ambayo iliwahi kuchachamaa kwa aspirini au dawa za aina hii. Aliyetokwa na damu nyingi na bado hajatulia. Wenye presha ya mimba wanauliza sana: zamani tuliwanyima moja kwa moja, sasa hivi wengi wanaruhusiwa baada ya kujifungua kama figo na chembe sahani (zile za kugandisha damu) ziko vizuri, ila daktari ndo aseme baada ya kuona vipimo. Na kama ulipata kifafa cha mimba, tramadoli na pethidini zenyewe zinaweza kuchochea degedege, kwa hiyo sema, usidhani kila anayekuhudumia amesoma faili.

Mama mkwe anataka kunikanda na maji ya moto na kunifunga tumbo. Na analeta mbege eti inaongeza maziwa.

Tuanze na zuri, mtori. Kunywa mtori mama, mwepesi wa kuanzia halafu mzito, ni chakula na ibuprofeni inataka tumbo lenye kitu. Ongeza maji na papai, choo kigumu kwenye mshono ni adhabu.

Kukandwa kwa maji ya moto juu ya kidonda kibichi, hapana, kwa heshima zote. Nimeona kidonda kilichokuwa kimefunga vizuri kikafunguka na ngozi ikaungua juu yake, mama bado ana ganzi ganzi pale hajui hata kama maji ni ya moto kiasi gani. Mgongo na miguu akukande, mwambie daktari kasema tumbo bado, mlaumu daktari, sisi tumeshazoea.

Kufunga tumbo kwa mkanda au kanga kunaweza kusaidia ukitembea na ukikohoa, ila isibane mpaka ukashindwa kuvuta pumzi, na uifungue ukilala. Ukitaka kukohoa au kucheka bonyeza mto juu ya mshono.

Mbege na dawa hizi hapana. Pombe juu ya tramadoli au morfini ndo mchanganyiko unaozima pumzi za watu, na pombe juu ya parasetamoli nyingi inaonea ini. Mwambie mama mkwe ahsante, ataelewa au hataelewa.

Nikipewa morfini siku mbili nitakuwa teja?

Siku mbili tatu kwa maumivu ya kweli, hospitalini, hapana. Usikatae dawa kwa hofu hiyo. Mama wa sikoseli kwa mfano anaweza kuhitaji morfini zaidi na asinyimwe kwa sababu tu siku hizi tunasema tupunguze. Na kama uliwahi kutumia heroini au uko kwenye methadoni (dawa ya kuachia heroini, Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011), tuambie kabla ya thieta hata kwa kunong'ona. Methadoni yako inaendelea kama kawaida na juu yake tunaweka dawa za maumivu, ukificha tutakupa dozi isiyokugusa halafu tuseme unadeka.

Nesi akisema "vumilia" nijibu nini?

Mpe namba. Sifuri ni hamna maumivu, kumi ni mabaya kuliko yote. "Nikilala ni 3, nikitaka kuinuka ni 8, dawa ya mwisho nilipata saa 12." Neno "naumwa" halimwambii kitu, wodi nzima inaumwa, lakini namba na saa anaweza kuziandika na kumpigia daktari. Lengo letu sio sifuri, lengo ni uweze kugeuka, kutembea, kukohoa na kunyonyesha.

Maumivu yakiwa makali kuliko inavyotakiwa, au yalishuka halafu yakapanda tena, sitaki uongezewe dawa tu bila kuangaliwa. Kunaweza kuwa na damu ndani, usaha, au kibofu kimejaa.

Nyumbani Kibosho ni mbali na barabara ni mbovu, nijiandaeje kuruhusiwa?

Kunywa dozi yako kama saa moja kabla ya kupanda gari. Mto tumboni kwa ajili ya matuta, mkanda wa gari upite chini ya mshono, na bodaboda tafadhali hapana. Kabla hujatoka wodini uwe na dawa za kutosha siku tano mpaka saba na ratiba imeandikwa kwenye karatasi, wengi wiki ya pili wanabaki na panadol ya hapa na pale. Akikuandikia opioidi ya kwenda nayo, uliza ni ngapi na kwa nini. Vidonge vichache vya kuokoa usiku mbaya naelewa, strip mbili sielewi.

Dalili gani zinirudishe hospitali?

Homa. Kidonda kinachovuja, kinachonuka, chekundu na cha moto pembeni. Damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja. Mguu mmoja umevimba na unauma nyuma, au kifua kinabana na pumzi fupi. Kichwa kinachopasuka ukikaa, kikatulia ukilala chali (hiyo mara nyingi ni ya sindano ya mgongo na ina tiba), au kichwa kikali na macho kuona ukungu, hiyo ni presha na haingoji. Nenda ulipojifungulia, ukiwa mbali nenda palipo karibu, wao watakupeleka hospitali kubwa, Mawenzi, KCMC au Mount Meru wakiona inafaa. Usinywe tramadoli ili uweze kulala na dalili hizo.

Vidonge vilivyobaki nimpe dada yangu, anaumwa mgongo?

Usimpe. Rudisha famasi ya hospitali. Na usiviache kwenye mkoba, mtoto wa miaka mitatu anafungua mkoba kuliko wewe.

Mara ya pili nitajifungua tena kwa oparesheni, niwaambie nini mapema?

Waambie kilichokusaidia na kilichokutesa. Kama morfini ya mgongo ilikuwasha usiku kucha, sema, kuna kupunguza dozi na kuna dawa za kutuliza. Kama ulitapika, sema. Kama siku ya pili ndo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza (wengi iko hivo, maana dawa ya mgongo imeisha na watu wamepunguza vidonge wakidhani umepona), omba ratiba isiguswe mpaka siku ya tatu. Yaandike kwenye kadi ya kliniki kuanzia miezi saba, pembeni pale panapobaki wazi, maana siku yenyewe ukiwa umelala thieta na taa usoni hukumbuki hata jina la dawa.